Jinsi ya kutafuta dawa ya virusi ukianzia na indoli, toka kwenye kompyuta mpaka kwenye seli

Ukianza tu mambo ya kutafuta dawa za virusi utakutana na indoli, kijipande cha kemikali cha pete mbili, mapema sana, ukigeuka huku ipo, ukigeuka kule ipo tena, na wengi wanaichukua kwa sababu kila mtu anaitumia, wanabandika vikundi pembeni, wanapima, wanapata namba nzuri wanafurahi, halafu baada ya miezi sita hakuna kitu mkononi. Mi nimeshapita hapo na iliniuma kweli. Kwa hiyo naandika hapa njia ninayoifuata sasa hivi, na kuna swali moja nitalirudia kila tukifika kona: indoli yako inafanya kazi gani hapo ilipokaa? Kama huna jibu, basi umebeba mzigo.

Kwanza uijue yenyewe

Indoli ni pete mbili zilizoshikana ubavu kwa ubavu, moja ni benzeni yenye kona sita na nyingine ni piroli yenye kona tano, na kwenye ile ya kona tano kuna naitrojeni moja yenye haidrojeni yake. Fomula yake C8H7N, uzito wa molekuli ni kama 117. Adolf von Baeyer aliipata mwaka 1866 akiwa anahangaika na kemikali zinazotokana na rangi ya nili, ndo maana hata jina limebeba nili ndani yake. Mwilini mwako umeshaibeba tayari, triptofani ni amino asidi yenye indoli, serotonini inatengenezwa kutoka humo na melatonini vilevile. Hii siyo stori ya kupamba, inakuambia kwamba kwenye protini kuna mifuko mingi tu inayokubali kitu bapa chenye NH pembeni, na virusi nao protini zao ni protini kama zingine.

Sasa kuna mambo matatu ambayo indoli inakupa. Moja ni ubapa, inalala vizuri juu ya pete za fenilalanini, tairosini au histidini kama sahani juu ya sahani. La pili ni ile NH, inaweza kutoa haidrojeni yake kwa oksijeni ya uti wa mgongo wa protini ukapata bondi ya haidrojeni safi. La tatu ni nafasi saba za kuning'iniza vitu, namba 1 hadi 7, na kila moja inaelekea upande wake, kwa hiyo unaweza kufika kona ambazo benzeni peke yake isingefika.

Na kuna kosa moja ambalo naliona kila mara: mtu anaona naitrojeni anadhani hii ni besi, anategemea itachukua protoni kama amini za kawaida. Hapana. Ile jozi ya elektroni ya naitrojeni imeshaingia kwenye mzunguko wa pete, haipo huru. Ukiiweka indoli kwenye asidi kali protoni inaenda kukaa kaboni namba 3, na baada ya hapo molekuli zinaanza kushikana zenyewe kwa zenyewe mbili mbili tatu tatu, chupa inabaki na tope la kahawia. Ukilielewa hili moja tu umeelewa nusu ya kemia yake, maana kaboni hiyohiyo namba 3 ndo inayokimbiliwa na kila kitu chenye njaa ya elektroni.

Soma waliotangulia kabla hujachora chochote

Hapa usipite haraka, kaa hapo hata wiki mbili. Kila dawa ya indoli iliyofika mbali, au iliyoishia njiani, ina jibu la lile swali letu.

Anza na delavirdini, dawa ya VVU iliyopitishwa Marekani mwaka 1997. Inakaa kwenye mfuko wa pembeni wa enzaimu ya rivasi transkriptezi, siyo pale kazi inapofanyikia bali jirani yake, na upande wake wa indoli unashikana na uti wa mgongo wa Lisini 103 (namba ni nafasi ya amino asidi kwenye mnyororo wa protini) huku molekuli nzima ikijinyoosha mpaka kwenye Prolini 236. Hiyo indoli inafanya kazi kweli, imekamata. Ila dawa ilikuwa inamezwa mara tatu kwa siku na inagombana na CYP3A4, yaani kimeng'enya cha ini kinachovunja dawa nyingi, kwa hiyo dawa zilizokuja baadaye zikaipita na siku hizi haipo tena sokoni. Funzo la hapo ni kwamba kukamata mfuko vizuri hakutoshi, ini nalo lina neno lake.

Halafu chukua umifenoviri, wengi wanaijua kama Arbidol, ilitengenezwa enzi za Umoja wa Kisovieti na inatumika kwa mafua Urusi na China, Marekani haijapitishwa. Hii inafundisha kitu tofauti kabisa. Naitrojeni yake imeshafunikwa na methili, NH hakuna, kwa hiyo bondi ile ya haidrojeni hakuna. Pale indoli ni kiunzi tu, imebeba bromini, kikundi cha amini, esta na kile kipande chenye salfa kila kimoja kikielekea upande wake, na mwaka 2017 picha za kioo, yaani picha za atomi zinazopatikana kwa kupiga eksirei protini iliyofanywa kuwa fuwele, zikaonyesha inajipachika kwenye shina la himaglutinini, protini ya juu ya virusi vya mafua wanayoingilia nayo kwenye seli, katikati ya vipande vyake vitatu, inavigundisha visifunguke asidi ikipanda. Kwa hiyo ukiulizwa indoli ya Arbidol inafanya nini, jibu lako ni kwamba imeshika mikono ya wengine. Ni jibu halali kabisa, ila linamaanisha unaweza kujaribu kuibadilisha na kiunzi kingine bila kupoteza mengi, wakati kwenye delavirdini usingethubutu hivyo.

Kwenye homa ya ini C kuna elbasviri, ambayo indoli yake imefungiwa ndani ya pete nne zilizoungana, iko kwenye Zepatier iliyopitishwa Marekani Januari 2016, na kuna beklabuviri iliyopitishwa Japani mwaka huohuo. Zote mbili zimeifunga indoli isizunguke zunguke, na hiyo ni mbinu ya kuiba: kama unajua umbo ambalo molekuli inalichukua ikiwa ndani ya mfuko, lifunge kwa pete ya ziada ili isipoteze nguvu kujipanga.

Fostemsaviri nayo usiiache. Walianza na indoli ya kawaida inayozuia gp120, protini ya juu ya VVU, isishikane na CD4, mlango wake kwenye seli, wakaja kubadilisha kaboni moja ya pete kuwa naitrojeni wakapata azaindoli, wakapanga vizuri, nguvu ikapanda. Tatizo likabaki kwenye kuyeyuka na kufyonzwa tumboni. Wakafanya nini? Wakaning'iniza kikundi cha fosfeti kwenye ile naitrojeni ya indoli kupitia daraja dogo la kaboni moja, dawa ikawa inayeyuka vizuri, ikifika kwenye utumbo kimeng'enya cha alkali fosfateza kinaikata fosfeti na dawa halisi inaingia. Ikapitishwa Julai 2020. Yaani naitrojeni ileile ambayo wewe unaiona kama sehemu ya kushikia protini, wao waliifanya mlango wa kuingizia dawa mwilini.

Sasa hii inayofuata ndo ninayoipenda kuliko zote. Baada ya SARS ya 2002 na 2003 Pfizer walikuwa na molekuli inaitwa PF-00835231, inazuia protieza kuu ya virusi vya korona, yaani enzaimu inayokata protini zao, na mwisho wake mmoja una indoli yenye methoksi kwenye namba 4. NH ya hiyo indoli inashikana na Glutamiki 166 ya protieza, kitu kimekaa pazuri mno. Korona ya pili ikaja, wakaitoa kabatini, inafanya kazi, lakini ya kunywa haikuwezekana, ikabidi watengeneze ya kuingiza kwenye mshipa. Ukihesabu haidrojeni zinazoweza kutolewa kwenye molekuli hiyo utapata tano: NH ya indoli, NH za amaidi mbili, NH ya laktamu, na OH. Ukuta wa utumbo haupendi hizo, kila moja imeshikana na maji na lazima iyaache kwanza ndo ipite kwenye mafuta ya seli. Sasa hesabu kwenye nirmatrelviri, ile ya Paxlovid iliyoruhusiwa kwa dharura Marekani Desemba 2021. Utapata tatu. OH imeondoka kwa sababu ndoano, yaani ile sehemu inayofunga bondi na protieza, imebadilishwa kuwa nitrili, NH moja ya katikati imeondoka kwa kuweka prolini iliyofungwa pete, na indoli? Imetolewa yote, mahali pake wameweka kipande kidogo cha trifloroasetamidi, ambacho kinaleta NH yake moja. Na angalia hili, uzito wa molekuli haukupungua, ulipanda kutoka kama 472 hadi kama 499. Kwa hiyo siyo kwamba walipunguza ukubwa, walipunguza NH na OH. Indoli iliyokuwa imeshika vizuri kabisa ilitolewa kwa sababu bei yake kwenye utumbo ilikuwa kubwa kuliko faida yake kwenye protini.

Nimekaa sana hapo makusudi. Ukiwa na molekuli yako mkononi na umeipenda, rudi usome habari hiyo tena.

Kwenye kompyuta

Chagua shabaha yenye picha ya kioo ambayo tayari ina indoli ndani. Kwenye benki ya protini PDB tafuta 1KLM, hiyo ni delavirdini ndani ya enzaimu ya VVU, au 5T6S ambayo ni Arbidol ndani ya himaglutinini. Ya protieza ya korona na PF-00835231 ni 6XHM lakini usianzie hapo, maana molekuli hiyo inafunga bondi ya kudumu na Sisteini 145 na programu za kawaida za kupachika molekuli kama AutoDock Vina hazihesabu bondi ya namna hiyo, zitakupa namba lakini namba hiyo haina maana.

Kabla ya kupachika molekuli yako toa ile iliyokuja na picha, irudishe kwa programu, uone kama inarudi palepale. Tofauti ikiwa chini ya angstromu 2 endelea. Ikizidi rekebisha kwanza, angalia kama umesahau kuweka haidrojeni, kama histidini zimewekwa vizuri, kama kisanduku chako, yaani eneo uliloiambia programu itafute, kimekaa pembeni ya mfuko. Ukiruka hii unanunua mbuzi kwenye gunia.

Kuna kitu kidogo kinachosumbua kila anayeanza kuandika indoli kwa SMILES, yaani kuandika molekuli kwa herufi ili kompyuta isome. Indoli inaandikwa hivi: c1ccc2[nH]ccc2c1. Ile H ndani ya mabano ni lazima. Ukiandika n tupu RDKit, programu inayosoma maandishi hayo, itakataa, itakuambia haiwezi kupanga bondi mbili mbili kwenye pete, na utakaa unatafuta kosa kwenye faili zima wakati kosa ni herufi moja. Ukiweka methili kwenye naitrojeni hapo H inatoka na inakuwa n(C), na hiyo ni sawa. Mi kwenye orodha yangu ya kwanza niliandika skripti iliyokuwa inaruka kimya kimya kila mstari uliokataa, nikaja kugundua baadaye kwamba indoli zote zenye NH huru zimetupwa na zimebaki zenye methili tu, na nilikuwa nimeshaandika kwenye daftari kwamba methili ni bora. Kwa hiyo hesabu mistari inayoingia na inayotoka, kila mara, hata kama una haraka.

Ukimaliza kupachika usiangalie namba ya alama peke yake. Fungua picha, angalia NH imeelekea wapi. Imeelekea kwenye oksijeni ya protini? Vizuri. Imeelekea kwenye kona yenye mafuta matupu haina wa kushikana naye? Hiyo ni hasara, umevua maji yake bila kumpa mwenzake mpya, na hapo unajaribu kuweka methili au kubadilisha nafasi. Imeelekea nje kwenye maji? Basi hapo una mlango, unaweza kuning'iniza kitu cha kusaidia kuyeyuka kama walivyofanya kwenye fostemsaviri.

Halafu pitisha orodha yako kwenye kichujio cha PAINS, yaani molekuli zinazojulikana kudanganya vipimo. Moja ya makundi makubwa kwenye kichujio hicho ni indoli zenye aina fulani ya mnyororo kwenye namba 3, kwa hiyo usishangae nusu ya orodha yako ikiwaka taa nyekundu. Haimaanishi uzitupe zote, ila inamaanisha hizo utazipima kwa ukali zaidi.

Kutengeneza

Usijitie kutengeneza kila kitu toka mwanzo. Indoli zenye floro, kloro, bromo au methoksi kwenye namba 4, 5, 6 na 7 zinauzwa tayari, nunua hizo uanzie hapo. Njia ya Fischer ya mwaka 1883, fenilihaidrazini na ketoni kwenye asidi ukipasha moto, bado inafanya kazi vizuri mno, ila ukitumia fenilihaidrazini yenye kitu kwenye nafasi ya meta unapata mchanganyiko wa indoli ya 4 na ya 6 na kuzitenganisha ni kilio. Ukitaka kudhibiti zaidi kuna njia ya Larock ya paladiamu, anilini yenye aidini pembeni ya amini pamoja na alkaini.

Hatua ambayo karibu kila mtu anaifanya ni kuweka aldehaidi kwenye namba 3 kwa njia ya Vilsmeier na Haack, vitendanishi vyake ni DMF na fosforasi oksikloraidi. Hiyo ya mwisho inalipuka hasira ikikutana na maji, kwa hiyo vyombo viwe vikavu kabisa, fanya ndani ya kabati linalovuta mvuke, barafu chini, ongeza tone kwa tone, na kama hujawahi fanya na mtu aliyewahi.

Kujua kama imekubali angalia NMR, kipimo cha sumaku kinachoonyesha haidrojeni za molekuli kama alama kwenye mstari wa namba. Kwenye indoli ya mwanzo kuna alama ndogo inakaa kama 6.5, hiyo ni haidrojeni ya kaboni namba 3, inakaa peke yake mbali na zile zingine za pete kwa hiyo haipotei machoni. Mmenyuko ukienda sawa hiyo ya 6.5 inatoweka kabisa na kule juu karibu na 10 inatokea alama moja nyembamba ya aldehaidi, na kama umetumia DMSO kuyeyushia ile NH utaiona pana kidogo imepanda kupita 12. Mara ya kwanza kuiona ile ya 6.5 haipo na ya 10 imesimama nilikaa naiangalia tu kwenye skrini, maana ni ushahidi wa wazi kabisa kwamba kilichobadilika ni kilekile ulichotaka kubadilisha. Kwa kufuatilia haraka haraka tumia TLC, kibao chembamba kinachotenganisha vilivyomo kuwa madoa, na unyunyizie kitendanishi cha Ehrlich, indoli ambayo haijamenyuka inatoa doa la pinki kwenda zambarau, kwa hiyo unaona kama bado imebaki.

Usafi hakikisha ni asilimia 95 au zaidi kwa HPLC, mashine inayotenganisha na kupima vilivyomo, kabla hujampa mtu wa seli. Na ukishayeyusha kwenye DMSO, kawaida milimola 10, weka gizani kwenye baridi na gawa kwenye vichupa vidogo vidogo ili usigandishe na kuyeyusha kilekile kila siku. Indoli nyingi zinaliwa taratibu na hewa na mwanga, chupa iliyokuwa haina rangi inaanza kuwa ya pinki kisha kahawia, na ukiona hivyo usipime tena na hiyo, pima usafi upya.

Kwenye enzaimu na kwenye seli, hapa ndo utajua mbivu na mbichi

Kama shabaha yako ni enzaimu anza na enzaimu yenyewe, na kila molekuli iliyoonyesha kitu irudie ukiwa umeongeza detajenti kidogo, Triton X-100 asilimia 0.01 inatosha. Sababu yake ni kwamba molekuli bapa zenye mafuta mafuta, na indoli zimo sana humo, zinapenda kujikusanya kwenye maji zikawa vidonge vidogo sana ambavyo vinanyonya enzaimu yoyote inayopita. Kipimo kinasoma kwamba enzaimu imezuiwa. Ni kweli imezuiwa, lakini siyo kwa namna ya dawa. Ukiweka detajenti vile vidonge vinavunjika na nguvu yote inapotea. Mi nilikuwa na molekuli yenye indoli mbili zilizounganishwa na kaboni moja katikati, IC50 yaani kiasi kinachozuia nusu ya kazi ya enzaimu, chini ya maikromola moja, nimeshaanza kutengeneza ndugu zake kumi na mbili, mtu mmoja akaniuliza detajenti umeweka? Sikuwa nimeweka. Nilipoweka mstari ukalala bapa mpaka maikromola 100. Ndugu zake wote wakafuata njia hiyohiyo. Wiki nyingi zilipotea kwa sababu ya tone moja la sabuni, na tangu siku ile detajenti ipo kwenye bafa yangu toka siku ya kwanza. Kwa protieza zenye sisteini kama ya korona ongeza na DTT, maana bila hiyo kitu chochote kinachochoma sisteini kitaonekana dawa.

Angalia pia mng'ao. Vipimo vingi vya protieza vinasoma mwanga, na indoli zilizorefushwa pete zake zinaweza kumeza mwanga huohuo au kuung'arisha. Weka visima vyenye molekuli bila enzaimu, ndo utaona kama inajisemea yenyewe.

Kwenye seli fanya mbili kwa pamoja, siku moja, pleti zilezile: seli zenye virusi upate EC50 yaani kiasi kinachozuia nusu ya virusi, na seli zisizo na virusi upate CC50 yaani kiasi kinachoua nusu ya seli. Gawa ya pili kwa ya kwanza, hiyo ndo SI yako, yaani nafasi kati ya dozi inayozuia virusi na inayoua seli. Chini ya 10 mi sihangaiki nayo sana, maana seli inayokufa haizalishi virusi na utapigwa changa la macho ukidhani umezuia virusi kumbe umeua nyumba yao. Dozi nane zinazopungua mara tatu tatu, kila moja visima vitatu, DMSO isizidi asilimia 0.5 na iwe sawa kila kisima hata kwenye kontroli. Visima vya pembeni ya pleti vinakauka mapema kuliko vya katikati, jaza maji uviache. Na hakikisha kipimo chenyewe kina Z′, alama ya ubora wa kipimo, zaidi ya 0.5 kabla hujaamini mstari wowote. Virusi vyenyewe vifanyiwe kwenye maabara yenye kiwango cha usalama kinachotakiwa kwa virusi hivyo na watu waliofunzwa, hapo hamna njia ya mkato.

Aina ya seli ina maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Seli za Vero E6 zinazopendwa kwenye korona zina pampu inayotapika dawa nje, PF-00835231 ilionekana dhaifu humo mpaka walipozuia ile pampu. Kwa hiyo molekuli yako ikiwa nzuri kwenye enzaimu na mbovu kwenye Vero usiizike bado, jaribu kwenye seli za mapafu ya binadamu. Na kinyume chake, ukiwa na molekuli yenye amini yenye nguvu na mafuta mengi inazuia virusi vya kila aina kwenye seli lakini kwenye enzaimu haifanyi chochote, shuku fosfolipidosi, ni pale dawa inapojaa kwenye vifuko vya asidi vya seli mafuta yakaharibika na virusi vikakosa pa kupita. Mwaka 2021 ilionyeshwa kwamba dawa nyingi zilizodhaniwa zinafaa kwa korona zilikuwa zinafanya hivyo tu, na kwa mnyama hazikusaidia.

Kuongeza dawa saa tofauti tofauti ni kipimo rahisi na kinasema mengi. Weka kabla ya virusi, weka pamoja na virusi, weka saa mbili baadaye, nne, sita. Kama indoli yako inafanya kama Arbidol, inazuia mlango, ukichelewa saa mbili nguvu inaisha. Kama inazuia kunakili jeni itaendelea kufanya kazi hata ukichelewa.

Ini na tumbo, mapema siyo mwishoni

Peleka molekuli mbili tatu bora kwenye maikrosomu za ini, vipande vya seli za ini vyenye vimeng'enya, mapema. Kaboni namba 2 na 3 za indoli ndo zinaliwa kwanza, na ukiwa na methili tupu kwenye namba 3 kuwa makini, vimeng'enya vya CYP vinaweza kuigeuza kuwa kitu kikali kinachojibandika kwenye protini za mwili. Ongeza glutathioni, kitu cha mwili kinachojibandika kwenye kemikali kali, kwenye kipimo, ukiona imejibandika kwenye molekuli yako badilisha. Floro kwenye pete ya kona sita, naitrojeni ya ziada ya azaindoli, au kuziba namba 2 au 3 kwa kikundi kinachovuta elektroni, hizo ndo tiba za kwanza kujaribu. Hapo pia hesabu NH na OH zako kama tulivyofanya kwenye nirmatrelviri, na utengeneze angalau molekuli moja ambayo indoli imetolewa yote imewekwa kitu kidogo. Moja tu. Ikiwa na nguvu karibu sawa, una habari muhimu kuliko ndugu ishirini wenye kloro hapa na floro pale.

Mwisho walazimishe virusi wakuonyeshe

Kuza virusi kwenye dozi ndogo ya molekuli yako, wakizoea pandisha, wakizoea pandisha tena, kwa wiki kadhaa, sambamba na virusi vilevile bila dawa ili usidanganywe na mabadiliko yanayotokea tu kwa kukaa kwenye seli. Hii ifanyike na virusi ambavyo tayari vina dawa nyingine inayovizuia na kwa ruhusa ya kamati ya usalama ya maabara, na kama virusi ni vya hatari tumia aina iliyodhoofishwa au kipande kinachojinakili bila kutengeneza virusi kamili. Kisha soma jeni zao. Kwenye delavirdini badiliko mojawapo lilitokea Prolini 236, ikawa leusini, palepale ambapo picha ya kioo ilionyesha molekuli inagusa. Chukua badiliko lako, liweke kwenye jeni safi ya protini hiyo, pima EC50 upya. Ikipanda mara kumi au zaidi, fungua ile picha ya kompyuta uliyoanza nayo uangalie badiliko limekaa umbali gani na indoli. Likiwa ubavuni mwake, umeshajua indoli inashika wapi. Likiwa upande wa pili kabisa wa protini, rudi kwenye kupachika uanze upya na mfuko huo mwingine, ukiwa na molekuli ileile.